Kabla ya Kutia Sahihi Tamko la Ufilisi

Kaka yangu alipokuja kuniona alikuwa amebeba mfuko wa plastiki uliojaa bahasha, na kabla hata hajaketi aliumimina wote mezani. Nilizihesabu nikiwa nimesimama. Zilikuwa bahasha 31, na kati ya hizo 14 hazikuwa zimefunguliwa. Wakati huo nilikuwa na miaka tisa ya ukarani katika ofisi ya mawakili, kazi iliyokuwa imenizoesha kupanga majalada ya watu walioelemewa na madeni bila moyo kunienda mbio, lakini siku ile ulinienda, kwa sababu juu ya kila bahasha iliyofungwa alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wake ninaoujua tangu utotoni, neno "baadaye". Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile nililolisikia kwa karibu kila mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza yangu: "Watanifunga?"

Ninaandika hapa maswali aliyoniuliza katika miezi iliyofuata, pamoja na yale ambayo hakuyauliza yeye ila sheria ndiyo iliyomuuliza, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo mazito zaidi. Sheria za ufilisi wa mtu binafsi hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, kwa hiyo mifano ya nchi nitakayoitaja ni ya kuonyesha jinsi jambo linavyokwenda. Muda na viwango vinavyokuhusu wewe vimo katika sheria ya mahali unapoishi, na wakili au ofisi ya ufilisi ya huko ndiyo itakayokueleza.

Kuhusu kifungo, jibu ni kwamba kushindwa kulipa peke yake si kosa la jinai. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu uliotokana na mkataba, na Uingereza ilikwisha kufuta sehemu kubwa ya kifungo cha wadaiwa kwa sheria ya mwaka 1869. Hata hivyo neno "tu" katika ibara hiyo lina kazi yake. Nchi kadhaa bado zina kifungo cha madai, ambacho mahakama hukitumia pale mdai anapoonyesha kwamba mdaiwa ana uwezo wa kulipa na anakaidi, au kwamba yuko mbioni kutoroka. Na karibu kila mahali, mtu anayeficha mali, anayechoma vitabu vyake vya hesabu au anayedanganya chini ya kiapo wakati wa ufilisi anaweza kushtakiwa. Nchini Marekani kosa hilo linaweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka mitano. Kwa hiyo nilimwambia kaka kwamba madeni yake hayatamfunga, ila karatasi atakazojaza, akizijaza kwa ujanja, zinaweza kumfunga.

Hakuamini mara moja. "Dawa ya deni ni kulipa," alinijibu, kana kwamba ninamfundisha kukwepa. Methali hiyo ni nzuri maadamu dawa ipo. Mshahara wake kwa mwaka mzima, asile wala asivae, usingefikia nusu ya alichokuwa anadaiwa, na riba ilikuwa inakua kila mwezi kuliko alichoweza kutoa. Neno lenyewe "mufilisi" tumelipata kutoka Kiarabu, na shina lake ni lile lile la fulusi, yaani sarafu ndogo za shaba. Mufilisi ni mtu ambaye fedha yake nzuri imekwisha na kubakiwa na vishaba. Ni maelezo ya hali ya mfuko, wala hayasemi lolote kuhusu tabia ya mwenye mfuko, ingawa mitaani tumeligeuza kuwa tusi.

Swali lililofuata lilikuwa kama kweli amefikia hapo. Kwa kawaida kipimo cha sheria ni kama mtu anaweza kulipa madeni yake yanapofikia siku ya kulipwa. Ukubwa wa deni peke yake haumfanyi mtu kuwa mufilisi, kwani kuna wenye madeni ya mamilioni wasio mufilisi, na kuna ambao deni dogo limewashinda kabisa. Wapo wanaodhani kwamba ufilisi ni jambo ambalo mdaiwa huliomba mwenyewe, lakini mdai naye anaweza kulipeleka shauri mahakamani. England na Wales, kwa mfano, mdai anayedai paundi 5,000 au zaidi bila kushika dhamana anaweza kuomba mdaiwa wake atangazwe mufilisi, na kabla ya mwaka 2015 kiwango hicho kilikuwa paundi 750 tu. Kwa hiyo mtu anayejiambia kwamba "hataki mambo ya ufilisi" huenda hana uamuzi huo mikononi mwake. Alichonacho ni nafasi ya kutangulia.

Kuna gharama pia, na hapo kaka alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Kujitangaza kwamba huna fedha kunalipiwa. Ombi la mdaiwa huko England na Wales hugharimu paundi 680, na nchini Marekani ada ya kufungua shauri la Sura ya 7, yaani ufilisi wa kawaida ambao mali isiyolindwa huuzwa na madeni hufutwa, ni dola 338, bila kuhesabu wakili. Kwa bahati nzuri, sheria nyingi huruhusu kulipa kidogo kidogo, na mahakama za Marekani zinaweza kumsamehe ada hiyo mtu mwenye kipato cha chini sana. Wakili si lazima kila mahali. Nimeona watu waliojaza wenyewe wakafaulu, na nimeona waliookoa ada ya wakili wakapoteza gari. Kama una nyumba, biashara, au umegawa chochote kwa ndugu katika miaka michache iliyopita, usijaze peke yako.

Kabla ya kujaza lolote, wakili wetu alimtaka kaka aangalie njia nyingine, na hili ninalitilia mkazo kwa sababu watu huja ofisini wakiwa wameshajihukumu. Ufilisi ni mlango mmoja kati ya kadhaa. Nchini Marekani, mwenye kipato cha kudumu anaweza kutumia Sura ya 13, ambayo humpa mpango wa kulipa kwa miaka mitatu hadi mitano akiwa amebaki na mali yake. Tangu mageuzi ya mwaka 2005 mwombaji hupimwa kipato chake kabla ya kuruhusiwa Sura ya 7, na ni lazima apate ushauri wa mikopo ndani ya siku 180 kabla ya kufungua shauri. England na Wales kuna mapatano ya hiari kati ya mdaiwa na wadai wake, ambayo huwafunga wadai wote yakiungwa mkono na asilimia 75 ya thamani ya madeni ya wale waliopiga kura, na kuna amri nyepesi zaidi kwa mtu asiye na mali ya maana ambaye madeni yake hayazidi paundi 50,000. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 nayo ina utaratibu wa mtu asiye na mali kabisa, uliowekwa kwa madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, ambao humwachilia baada ya miezi kumi na miwili. Kaka hakufaa katika njia hizi nyepesi kwa sababu alikuwa na gari, alikuwa na nusu ya nyumba, na, kama tutakavyoona, alikuwa na kitu kingine ambacho hakukijua kuwa ni mali.

"Simu zitakoma lini?" ndilo swali ambalo wifi yangu aliniuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. Mara ufilisi unapoanza kisheria, wadai wa kawaida hupigwa zuio. Hawaruhusiwi kupiga simu za vitisho, kufungua kesi mpya, kutuma dalali wa mahakama au kukata mshahara, na kila anayedai hupaswa kupeleka madai yake kwa msimamizi mmoja, yaani mtu anayeikusanya mali ya mufilisi kwa ajili ya wadai wote. Nchini Marekani zuio hilo huanza lenyewe dakika ile ombi linapopokelewa, wakati kwingine huanza siku amri inapotolewa. Lakini zuio lina matundu. Matunzo ya watoto huendelea kudaiwa, mashtaka ya jinai hayasimami, na mdai aliyeshika rehani ana njia zake. Nilimshauri wifi aandike namba ya shauri kwenye karatasi na kuibandika karibu na simu. Kila aliyepiga alisomewa namba hiyo pamoja na jina la msimamizi, na wengi hawakurudia.

Nyumba ndiyo inayowatoa watu jasho, na hapa ni lazima kwenda polepole. Sheria hugawa wadai katika makundi mawili makubwa. Kuna mwenye dhamana, kama benki iliyoweka rehani juu ya nyumba yako au kampuni iliyokukopesha kwa kadi ya gari, na kuna asiye na dhamana, kama aliyekukopesha kwa kadi ya benki, kwa programu ya simu, au kwa neno lako tu. Ufilisi hufuta wajibu wako binafsi wa kulipa, lakini kwa kawaida haufuti rehani. Ukiacha kulipa, benki bado inaweza kuiuza nyumba hata kama deni lenyewe haliwezi tena kukufuata wewe. Watu husikia kwamba "madeni yamefutwa", wakaacha kulipa rehani, kisha wakashangaa kumwona dalali mlangoni.

Sehemu ya nyumba iliyo yako hasa, yaani thamani inayobaki ukiondoa rehani, ndiyo inayoingia katika kapu la wadai. Kiasi gani kinalindwa hutegemea sheria ya mahali, na tofauti ni kubwa mno. Majimbo ya Texas na Florida nchini Marekani hulinda thamani ya makazi ya familia bila kikomo cha fedha, ingawa yana kikomo cha ukubwa wa ardhi na masharti ya muda, ilhali majimbo mengine hulinda kiasi kidogo tu. England na Wales msimamizi ana miaka mitatu ya kuchukua hatua juu ya nyumba unayoishi, na asipofanya hivyo kwa kawaida sehemu yako hukurudia. Iwapo mwenzi wako anaishi humo, mahakama hupima mahitaji yake na ya watoto, lakini ukishapita mwaka mmoja maslahi ya wadai hutangulizwa isipokuwa kuna hali ya kipekee. Kwa upande wa vitu vidogo, hofu ya watu huzidi uhalisia. Nguo, vitanda, vyombo vya matumizi ya kila siku nyumbani, na vifaa ambavyo mtu anavihitaji kufanyia kazi yake, kwa kawaida haviguswi. Nimewahi kumwona fundi cherehani aliyeificha cherehani yake kwa jirani, na kwa kuificha akaugeuza ukweli ambao ungemlinda kuwa uongo uliomsumbua kwa miezi sita.

Madeni gani hayafi? Matunzo ya watoto na ya mtalaka, faini za mahakama, na madeni yaliyopatikana kwa udanganyifu huendelea kuishi karibu kila mahali. Mikopo ya elimu nayo ni migumu. England na Wales mikopo ya wanafunzi imetengwa nje ya ufilisi, na nchini Marekani mkopaji hulazimika kuithibitishia mahakama kwamba kulipa kutamtia katika dhiki isiyostahiki, kipimo ambacho mahakama nyingi hukipima kwa uamuzi wa rufaa wa mwaka 1987 katika shauri la Brunner. Kununua vitu vya anasa kwa mkopo siku chache kabla ya kujitangaza huchukuliwa kuwa dalili ya hila. Na katika baadhi ya nchi, Marekani ikiwamo, deni ambalo hukuliandika kwenye orodha linaweza kubaki hai. Kaka aliandika madeni tisa kwa kumbukumbu. Tulipofungua zile bahasha 14 na kupitia ujumbe wa simu yake, yakawa kumi na saba.

Kati ya hayo kumi na saba, moja lilikuwa na mdhamini. Ninasita kidogo hapa, kwa sababu sheria yenyewe ni nyepesi kuieleza, ila mambo yaliyotokea nyumbani hayakuwa mepesi. Mdaiwa anapoachiliwa madeni yake, mdhamini haachiliwi pamoja naye. Ahadi ya mdhamini ni yake mwenyewe, na benki ina haki ya kumgeukia siku ile ile ambayo mdaiwa anapata nafuu. Huo ndio mwelekeo wa sheria za Uingereza na Marekani, na ndio mwelekeo wa nchi nyingi zilizorithi mfumo huo. Sura ya 13 ya Marekani humkinga mdhamini wa deni la matumizi ya kifamilia wakati mpango ukiendelea, lakini kinga hiyo ni ya nadra. Mdhamini wa kaka alikuwa mfanyakazi mwenzake, mtu mwenye familia, ambaye alitia sahihi wakati wa mapumziko ya chakula cha mchana bila kusoma ukurasa wa pili. Hakuna kifungu kilichomtaka kaka ampigie simu. Alizunguka na simu mkononi tangu asubuhi hadi jioni, na mwishowe ni wifi aliyempigia. Mwenzake huyo alipata wiki tatu za kujipanga na benki kabla ya barua kumfikia, akaomba kulipa kwa awamu na akakubaliwa. Hawasalimiani kama zamani, lakini wanasalimiana.

Sasa nifike kwenye maswali ambayo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mezani, na ambayo fomu huuliza kwa kurasa nyingi kuliko inavyouliza kuhusu madeni. Je, ulikuwa na nini mwaka jana ambacho huna leo? Ulikipeleka wapi? Kwa bei gani? Nani ulimlipa kabla ya wengine, na ana uhusiano gani na wewe? Mdaiwa hufikiri kwamba ufilisi unahusu siku anayotia sahihi, kumbe msimamizi husoma maisha yake kwa kurudi nyuma. England na Wales anaweza kuchunguza mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa ndani ya miaka mitano kabla ya ombi, na malipo ya upendeleo ndani ya miezi sita, au miaka miwili kama aliyependelewa ni ndugu au mtu wa karibu. Sheria ya ufilisi ya Marekani hurudi nyuma miaka miwili kwa mali iliyohamishwa ili kuwakwepa wadai, siku 90 kwa malipo ya upendeleo, na mwaka mmoja kama mlipwaji ni mtu wa ndani, kama vile ndugu. Sheria za majimbo zinaweza kurefusha muda huo.

Siku ya pili baada ya kuja na mfuko wake, kaka alirudi na kadi ya gari. "Mdogo wangu, andika jina lako tu hapa, mambo yakitulia utanirudishia." Ningependa kusema kwamba nilikataa papo hapo, mimi mwenye miaka tisa ya majalada. Sikukataa. Niliichukua ile fomu ya kuhamisha umiliki, nikaijaza hadi mahali pa tarehe, kisha nikaiacha kwenye droo usiku kucha. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu, ilikuwa ni ule mstari wa tarehe. Nilikwisha kuona msimamizi akiweka kidole juu ya tarehe kama ile katika jalada la mtu mwingine na kuuliza kwa upole kabisa, "Na hapa ilikuwaje?" Asubuhi niliichana. Gari liliuzwa na msimamizi kwa sababu lilizidi thamani iliyoruhusiwa, na sehemu ndogo ya fedha iliachwa ili kaka anunue la bei nafuu la kuendea kazini. Lingekuwa kwa jina langu, uhamisho ungebatilishwa, gari lingeuzwa vilevile, na kaka angeweza kunyimwa kuachiliwa madeni yake yote.

Jambo jingine lilikuwa limeshatendeka kabla sijajua. Miezi miwili kabla, kaka alikuwa amemlipa mjomba wetu deni lote, taslimu, kwa fedha za mwisho alizokuwa nazo. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la heshima. Benki ingengoja, lakini mjomba aliyemsomesha asingengojeshwa. Machoni pa sheria ya ufilisi, wadai wa daraja moja wanapaswa kugawana kilichopo kwa uwiano, na kumlipa mmoja kamili huku wengine wakikosa ni upendeleo, hasa kama huyo mmoja ni wa damu. Msimamizi alimwandikia mjomba barua akimtaka arudishe. Mjomba, mzee ambaye hakuwahi kupokea barua yenye nembo ya mahakama, aliisoma mara tatu kisha akanipigia simu kuniuliza kama amekuwa mwizi. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba hajakosa lolote, kwamba fedha ile ilikuwa halali kwake siku aliyopokea, na kwamba hata hivyo lazima irudi kapuni. Alikubali kuirudisha kwa awamu, naye akaingia katika orodha ya wadai kama wengine. Ninaiona kanuni hii kuwa ya haki, na bado sioni kama ningeweza kumshawishi mzee yule kuipenda.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mawakili wa ofisi yetu walikuwa na toleo lao: andika yote, hata yale yanayokuaibisha, halafu sisi tutafute kifungu. Kilichoandikwa kwenye tamko kinaweza kutetewa. Kilichoachwa nje kikigunduliwa hakina mtetezi. Kaka alijaza tamko lake kwa jioni nne. Kwenye mstari wa "mali nyinginezo" aliandika saa ya mkono, baiskeli ya mtoto, na salio la akaunti aliyoisahau ambalo lisingetosha kununua jozi ya viatu. Nilimwambia baiskeli ya mtoto ni ya mtoto. Aliiacha ilivyo.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa majibu yake si marefu. Madeni ya mume si ya mke kwa sababu tu ya ndoa, isipokuwa walikopa pamoja, mmoja alimdhamini mwenzake, au sheria ya mahali inahesabu mali na madeni ya ndoa kuwa ya wote. Kuhusu nani atajua, ufilisi ni jambo la hadharani. Hutangazwa katika gazeti rasmi au huwekwa katika rejesta ambayo mtu yeyote anaweza kuitazama, ingawa kwa uzoefu wangu majirani hawasomi magazeti rasmi. Kumbukumbu za mikopo hukaa nayo muda mrefu zaidi, miaka sita nchini Uingereza na hadi miaka kumi kwa Sura ya 7 ya Marekani. Kuhusu kazi, sheria ya Marekani inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amefilisika, lakini ziko nafasi ambazo mufilisi hawezi kuzishika. Nchi nyingi humzuia kuwa mkurugenzi wa kampuni bila idhini ya mahakama, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamkatalia mufilisi ambaye hajaachiliwa kuchaguliwa kuwa mbunge.

Na hukaa humo muda gani? Hili ndilo eneo ambalo sheria imelegea zaidi katika kizazi chetu. England na Wales, tangu mwaka 2004, mufilisi wa kawaida huachiliwa baada ya miezi 12, lakini aliyefanya hila anaweza kuwekewa vizuizi vya miaka miwili hadi 15. Kenya huachiliwa baada ya miaka mitatu tangu kuwasilisha tamko lake la hali ya fedha, isipokuwa kuna pingamizi. Ujerumani ilipunguza kutoka miaka sita hadi mitatu kwa maombi yaliyoanzia Oktoba 2020. Kwa Sura ya 7 ya Marekani mambo huweza kwisha ndani ya miezi minne hivi, ila mtu hawezi kuachiliwa tena kwa sura hiyo kabla ya miaka minane tangu alipofungua shauri la kwanza. Kumbuka kwamba saa huanza kuhesabu kwa tukio fulani, na kwa mfano wa Kenya tukio hilo ni kuwasilisha tamko. Anayeliweka kabatini anajiongezea muda mwenyewe.

Nimelibakiza lile la mwisho, kile kitu ambacho kaka hakukijua kuwa ni mali. Baba yetu alifariki miaka kadhaa kabla, akaacha kiwanja ambacho sisi watoto wanne hatukuwahi kukigawa. Fomu iliuliza kuhusu mirathi, naye akaandika "hakuna". Nilimuuliza kiwanja je. "Hakijagawanywa," alisema, na kwa maneno hayo alidhani amemaliza. Lakini haki ya kupata sehemu katika mirathi ni mali hata kabla ya mgawanyo, na inaingia kapuni kama gari lilivyoingia. Sheria nyingine huenda mbali zaidi na kufuata hata urithi utakaokuja baadaye. Nchini Marekani ni ule ambao mtu anapata haki nao ndani ya siku 180 baada ya kufungua shauri, na England na Wales ni mali inayopatikana kabla ya kuachiliwa, ambayo mufilisi anapaswa kumwarifu msimamizi ndani ya siku 21. Alifuta "hakuna", akaandika: robo ya kiwanja cha marehemu baba.

Msimamizi hakuhitaji kiwanja, alihitaji thamani ya robo ile. Alimleta mthamini, tukapewa bei, na tukaulizwa kama kuna yeyote katika familia anayetaka kuinunua sehemu hiyo kabla haijatangazwa kwa watu wa nje. Tulikaa watoto watatu waliobaki, kaka akiwa ameketi pembeni kwa kuwa hakuwa na sauti katika jambo hilo, tukakubaliana kuchanga. Tulilipa kwa awamu tano. Stakabadhi ya mwisho ninayo kwenye droo ile ile niliyowahi kuweka fomu ya gari, na kwenye nafasi ya maelezo karani wa msimamizi ameandika kwa mkono: "sehemu ya mufilisi, imelipwa yote."